Sauti ya Kuazima

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama kiroboto. Jumatano asubuhi, saa moja kabla ya wahakiki kuonyeshwa filamu ya katuni, mhariri wa picha ambaye kazini wote walimwita Mkasi alikuwa anaikagua nakala kwa mara ya mwisho. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kipanya cha kompyuta, mwingine kwenye kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Wifi, sikuchoshi. Nimezungumza na kaka mkubwa. Jumamosi saa tisa tunakuja hapo kwako. Mtoto atasema mwenyewe anataka kukaa wapi, kwako au kwangu. Akishasema, yameisha, hakuna kununiana."

"Jumamosi hii?"

"Kwani wewe una nyingine mfukoni?"

Alipoiweka simu chini, mkono ulirudi kwenye kazi lakini kichwa hakikurudi. Aliifunga nakala, akaituma kwenye ukumbi wa sinema, kisha akaenda chooni, akajifungia, akasali akiwa amesimama, paji la uso limegusa mlango. Hakuomba mengi. Alisema, "Ee Mungu, huyu mtoto usininyang'anye," akarudia mpaka mtu akabisha hodi.

Sasa, asiyeijua kazi ya katuni hudhani picha huchorwa kwanza, sauti zikafuata. Ni kinyume chake. Mchoraji hawezi kuuchora mdomo unaosema kabla hajayasikia maneno. Kwa hiyo, wakati waigizaji wenyewe bado wanatafutwa, wafanyakazi wa ofisini huingia kwenye chumba cha kurekodia na kusoma wao, ili wachoraji wapate pa kuanzia. Hizo huitwa sauti za kuazima. Waigizaji wakishapatikana, sauti za kuazima huzimwa, ila hazifutwi. Kwenye kompyuta ya Mkasi kila sauti ilikuwa na mstari wake, na kando ya kila mstari kitufe cha kuiwasha na kuizima.

Asubuhi ile, katika tukio la msituni, Mkasi alikuwa amezizima sauti za waigizaji na kuziwasha zile za kuazima, ili aone kama midomo inakwenda sawa na maneno. Alikuwa karibu kuzirudisha. Ndipo simu ikaita.

Na sauti za kuazima za tukio lile zilikuwa mbili tu. Ya mama wa kambo ilikuwa ya Mkasi mwenyewe. Ya mtoto ilikuwa ya Chiriku, binti wa marehemu mumewe, alipokuwa na miaka minane.

Filamu iliitwa *Aliyerudi Msituni*. Ilikuwa ile hadithi ya zamani ambayo kila mtoto ameisikia kabla ya kulala: mama wa kambo anampeleka mtoto msituni kuokota kuni, anamwacha huko, kisha mtoto anahangaika na wanyama mpaka baba yake anamwona. Mwongozaji wa filamu aliigeuza. Kwake yeye mama wa kambo anafika nusu ya njia ya kwenda nyumbani, miguu inakataa, anageuka, anaingia tena gizani kumtafuta mtoto aliyemtupa. Filamu nzima ilikuwa inaelekea kwenye kilio kimoja: "Rudi, mwanangu. Rudi twende nyumbani." Na mtoto, kutoka mahali pasipoonekana, anajibu, "Mama, niko hapa."

Mwongozaji huyo walimwita Mzee Tena, kwa sababu katika kurekodi hakuwa na neno jingine. Usome vizuri, usome vibaya, yeye alikaza macho kwenye dari na kusema, "Tena."

Miaka minne iliyopita, siku ya kurekodi tukio la msituni, Chiriku alisimamishwa juu ya kreti la soda ili aifikie maikrofoni. Stoo iliyogeuzwa chumba cha kurekodia ilikuwa imetundikwa mablanketi kuzuia mwangwi, na joto lake lilikuwa la kuoka mkate. Baba yake alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Mkasi alikuwa amejiapiza kwamba mtoto yule hatayaona machozi yake, maana mtoto akimwona mtu mzima analia atajua hakuna aliyeshika usukani. Alisoma "Rudi, mwanangu" akiwa amezika kucha kwenye kiganja. "Tena," akasema mzee. Akasoma. "Tena." Mara ya sita Chiriku alipojibu "Mama, niko hapa," alijibu kwa kwikwi, akalia hata watu wa chumba cha pili wakasikia. Safari hii Mzee Tena hakusema "Tena."

Ile "Mama" ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Tangu siku hiyo mpaka alipofika miaka kumi na miwili, Chiriku alimwita Anti. Na yule mtoto ambaye baba yake alimpa jina la ndege kwa sababu ya kuongea bila kituo, alipungua maneno mwaka hadi mwaka, mpaka nyumba ile ya watu wawili ikawa unasikia jokofu likinguruma.

* * *

Alhamisi magazeti yalitoka.

Mhakiki wa kwanza aliandika kwamba hadithi imeng'olewa meno, na mama wa kambo asiye mbaya ni sawa na pilipili isiyowasha. Wa pili, wa redioni, alisema michoro inapendeza na yeyote mwenye usingizi atalala vizuri. Hayo Mzee Tena aliyasikiliza akitafuna kalamu, kwani katika miaka thelathini alishaambiwa makubwa zaidi. Lakini kulikuwa na mhakiki wa tatu, mzee wa safu iliyoitwa "Kiti cha Nyuma", ambaye wenye kumbi za sinema walimsoma kabla ya kunywa chai. Huyo aliandika hivi:

"Filamu hii imejenga njia ndefu ya kuturudisha msituni, na tukifika tunakuta hakuna mtu. Katika tukio ambalo lingepaswa kutuchoma moyo, sauti ya mama wa kambo inabadilika ghafla, kana kwamba mwigizaji ametoka na kumwachia mfagiaji maneno yake. Anamwita mtoto kama karani anavyoita namba inayofuata. Ajabu ni kwamba mtoto anayemjibu analia kweli, na kilio chake ndicho kitu pekee cha kweli katika dakika tisini. Nilimhurumia. Kwa sauti ile iliyomwita, mtoto yeyote mwenye akili angebaki msituni."

Mkasi aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi. Akaelewa mara moja kilichotokea. Akakaa palepale, watu wakawa wanamkwepa kama ndoo iliyosahauliwa njiani. Aliomba gazeti lile lisinunuliwe hata moja. Kisha akamkumbuka muuza magazeti wa pale kona, naye ana watoto, akaomba msamaha kwa ombi hilo. Akaomba basi linunuliwe na lisisomwe.

Mzee Tena alimkuta hapo.

"Ni ile ya kuazima," alisema Mkasi. "Sikuizima. Ni mimi, mzee."

Mzee Tena alikaa kando yake. "Nilikuwa nimekaa mbele kabisa," alisema. "Nikasikia sauti yako. Nikasema, huyu mwanamke ametuua. Halafu mtoto akalia, nikasahau kukukasirikia mpaka taa zikawashwa." Alijifuta uso. "Kesho saa nane mchana nakala ya watu wote inatoka. Irekebishe. Kumbi mbili zimeshapiga simu, zinataka kutuondoa wiki ijayo."

"Nitairekebisha."

"Na usikae kwenye ngazi, watu watadhani tumeshafunga."

* * *

Jioni ile Chiriku aliingia na mkoba wa shule begani na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Mkasi alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Anti."

"Karibu. Vua viatu."

"Anti, hii ni sisi?" Alikifungua kipande kile juu ya meza, akakilainisha kwa kiganja. "Shangazi alikuja kunichukua shuleni, akanisomea kwenye gari. Akasema, sikia wanavyomsema mama wa kambo. Yeye hajui. Mimi nikajua. Tukio la msituni. Ni sisi, eh?"

Kisu kilisimama. "Ni sisi. Nilikosea kitufe."

"Kwa hiyo watu wametusikia."

"Wahakiki tu. Wachache."

Chiriku alikivuta kiti, akakikalia upande upande kama anayejiandaa kuondoka. "Amesema mimi nalia kweli." Aliweka kidole juu ya mstari. "Kitu pekee cha kweli katika dakika tisini. Ameandika hivyo."

"Nimesoma."

"Na wewe amesema…"

"Nimesoma, Chiriku."

Mtoto akamtazama. Alikuwa na macho ya baba yake, macho ya kusubiri. Mkasi aliyahisi yakisubiri kwenye shavu lake kama joto la jiko. Kifuani mwake kulikuwa na maneno yamesongamana, kila moja linataka kutoka la kwanza: kwamba siku ile alikuwa anazama, kwamba kucha zilimtoa damu, kwamba usiku ule alilia kwenye taulo ili asisikike. Akafungua mdomo.

"Kula kwanza," alisema. "Chakula kitapoa."

Chiriku alikikunja kipande cha gazeti mara nne, kama kilivyokuja. "Sina njaa," alisema, akaenda chumbani kwake.

* * *

Ijumaa asubuhi Mkasi alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hafanyi. Alikwenda kumtafuta mhakiki.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti imebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Mhakiki alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta lenye viraka vya viwiko, miwani imefungwa kwa plasta, chupa ya chai mbele yake. Mkasi alifika akihema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kama ni tangazo la kupotelewa na kitu, ni chumba cha pili."

"Mimi ndiye ile sauti."

"Ipi?"

"Ya karani."

Mhakiki aliivua miwani taratibu, akihofia plasta. "Oo," alisema. "Basi pole sana. Nilidhani ni mtu wa kulipwa." Akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa, mama. Ungekuja na fimbo ningekuelewa."

Mkasi alikaa, akamweleza yote bila kituo: kitufe, simu, wifi, Jumamosi saa tisa. Akamwomba aandike kwamba ile haikuwa filamu, ilikuwa kosa la nakala. Mzee alisikiliza, akachukua kalamu.

"Hiyo ni haki yenu. Nitaandika mistari miwili. Jumatatu."

"Jumatatu mtoto atakuwa hayupo."

"Mama, kurasa za kesho zimeshajaa. Na hata ningeandika leo, ningesema nini? Kwamba sauti haikuwa ya mwigizaji. Sawa. Lakini huyo binti haji kuniuliza mimi nani ni mwigizaji."

"Umeandika simpendi."

"Sikuandika hivyo. Soma tena. Nimeandika nilichosikia." Aligonga sikio lake kwa kalamu. "Kazi yangu ni hii tu, kukaa kwenye kiti cha nyuma na kusikiliza. Kilichofungiwa ndani mimi nitakitoa wapi? Labda kilikuwepo. Kama kilikuwepo, nakuomba radhi. Ila hakikufika kwenye kiti changu."

Mkasi alishuka ghorofa tatu akishika ukuta. Kwenye ghorofa ya kwanza alisimama, akataka kusali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata la kusema. Alibaki anasema, "Mungu wangu. Mungu wangu," kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo taa yake inawaka na hakuna anayefungua.

* * *

Saa saba mchana alikuwa mbele ya kompyuta. Tukio la msituni lilikuwa limetandazwa kwenye kioo, mistari yake minne ya sauti, miwili inang'aa, miwili imelala. Mzee Tena alisimama nyuma yake akila ndizi.

Kabla ya kuizima rekodi ya zamani Mkasi aliicheza nzima, hata ile sehemu ya mwisho ambayo haikuwahi kutumika, kwa sababu siku ile mtu alisahau kuizima mashine. Baada ya kilio cha mtoto palifuata ukimya, blanketi likaguswa, kisha sauti ndogo:

"Anti, mkono wako unatoka damu."

Na yake mwenyewe, kavu, iliyonyooka kama rula: "Si kitu. Twende ukale."

Mzee Tena aliacha kutafuna.

"Unajua," alisema, "ya mtoto tunaweza kuiacha. Tunarudisha ya mwigizaji kwa mama, lakini kilio cha binti kibaki. Yule mzee wa Kiti cha Nyuma hasifii kitu bure. Mdomo unakwenda sawa, ulichorwa kwa sauti hiyohiyo. Unasemaje?"

Mkasi alimfikiria Chiriku kwenye kiti cha ukumbi, kilio chake cha msiba kikipigwa kwenye spika kubwa kama matari, mamia ya watu wanatafuna bisi. Aliwafikiria wenzake wa shule wakimwiga barabarani. Angeweza kusubiri mtoto atoke shule, amuulize. Nakala ilikuwa inatakiwa saa nane.

"Hapana," alisema. "Nazizima zote mbili. Sitaki anyooshewe kidole."

"Umemuuliza?"

"Mimi ndiye mlezi wake, mzee."

"Mpaka kesho," alisema Mzee Tena, na papo hapo akajutia, akamshika bega. Mkasi hakugeuka. Alibonyeza kitufe cha kwanza. Akabonyeza cha pili. Mistari miwili ikafifia, miwili ikaamka, na kutoka kwenye spika mwigizaji maarufu akaita "Rudi, mwanangu" kwa sauti ya asali, na mtoto wa mtu mwingine akaitika vizuri sana.

* * *

Jumamosi asubuhi shangazi alimpitia Chiriku na kumpeleka kwenye onyesho la kwanza pamoja na watoto wake watatu. Shangazi huyo hakuwa mtu mbaya. Kwake kulikuwa na chumba kitupu chenye dirisha, watoto wa rika, kelele mezani. Na alikuwa akimpenda mtoto wa kaka yake waziwazi, kwa kumkumbatia na kumfokea, mambo ambayo kila mtu huyaona. Hilo ndilo lililomtisha Mkasi kuliko kama angekuwa mbaya.

Alipiga deki nyumba iliyokuwa safi. Akapiga tena. Saa nane akapiga magoti kando ya kitanda cha Chiriku, akaweka uso kwenye blanketi lenye harufu ya sabuni na ya mtoto. Safari hii maneno yalikuja, ila yalikuwa mafupi. "Sijui kusema. Wewe unajua sijui. Nisaidie."

Saa tisa kasoro baba mkubwa wa Chiriku aliingia, mtu wa maneno machache, akakaa kwenye kiti kilekile alichokuwa akikikalia mdogo wake. "Shemeji, habari ya siku."

"Njema, shemeji. Nikuletee maji?"

"Wakija."

Wakaja. Shangazi aliingia kwanza, pochi kwapani, manukato yametangulia. Chiriku alipita katikati yao bila kuamkia mtu, akaingia chumbani. Wakasikia kabati likifunguliwa.

"Wifi, mwenzio tangu sinema amenuna hivyo," alisema shangazi. "Nimemnunulia aiskrimu, ameiacha ikayeyuka. Mimi sijui kuna nini humo ndani."

"Chiriku," baba mkubwa aliita. "Njoo, mwanangu, tuzungumze."

Chiriku alitoka na begi lake la safari. Lilikuwa limefungwa. Alilisimamisha katikati ya sebule kama mtu aliyeweka jibu mezani.

"Naenda kwa shangazi," alisema.

Baba mkubwa alikohoa. "Umefikiri?"

"Nimefikiri kwenye sinema." Hapo akamgeukia Mkasi. "Niliwaambia watoto wa shangazi, subirini, tukifika msituni, anayelia ni mimi. Nimeandikwa kwenye gazeti. Nikawaonyesha kile kipande. Watu wote mstari mzima wakasikia. Nikashika kiti hivi. Akatoka mtoto mwingine."

Baba mkubwa aliinamisha macho.

"Wakacheka. Wakasema naota. Umenitoa, Anti."

"Chiriku, nilikuwa…"

"Baba hayupo, na mahali pekee ambapo niko, umenitoa. Hata hukuniuliza."

Mkasi alifungua mdomo. Alitaka kusema kuhusu vidole vya watu, kuhusu bisi, kuhusu saa nane. Yote yalikuwa kweli. Kilichotoka kilikuwa sauti ile ile iliyonyooka: "Umechukua koti? Jioni kuna baridi."

Chiriku alicheka. Kicheko cha mtoto wa miaka kumi na miwili hakipaswi kuwa hivyo. Alilichukua begi, akatoka.

Shangazi alibaki kidogo, kama mtu aliyeshinda mchezo na kugundua hakutaka kucheza. "Wifi," alisema kwa upole, "hata machozi?" Kisha akamfuata mtoto.

Mkasi alisikia hatua kwenye korido, begi likigonga ngazi moja moja. Baba mkubwa alikuwa anatazama sakafu. Hatua zikaisha. Mlango wa chini ukajifunga kwa kishindo, na kwa kishindo hicho nyumba ikawa kimya kabisa, jokofu peke yake linanguruma.

Hakumbuki alivyoshuka. Alijikuta barabarani pekupeku, aproni kiunoni. Gari la shangazi lilikuwa ng'ambo, buti limeinuliwa, shangazi analisogeza gurudumu la akiba kupisha begi. Fundi viatu wa pale kona alikuwa amesimamisha nyundo. Wanawake wawili walikuwa wamesimama na mifuko ya soko.

"Rudi," alisema Mkasi.

Haikufika hata katikati ya barabara. Ilikuwa ya karani. Chiriku hakugeuka.

"Rudi!"

Sasa ilivunjika katikati, ikatoka vibaya, kama kitu kilichopasuka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na hakuyafuta. Fundi viatu alitazama pembeni kwa adabu. "Rudi, mwanangu! Mimi sijui… mimi nilijificha nikalia miaka minne. Nilikuwa nakuficha wewe machozi yangu. Nimekosea, nimekosea kila mahali, nilipowasha na nilipozima! Usiende! Rudi twende nyumbani!"

Aliyasema akiwa ameshika aproni kwa mikono miwili, kamasi zinamtoka, mbele ya watu aliowaamkia kwa heshima kila asubuhi. Pikipiki ilipita katikati yao ikiwapigia honi. Ilipotoweka, Chiriku alikuwa amegeuka.

Alimtazama kwa muda. Uso wake haukuwa na huruma, ulikuwa na umakini, kama wa mtu anayesikiliza kitu kutoka mbali ili ajue ni nini. Kisha akakaza macho juu, kwenye nyaya za umeme, kama mzee fulani anavyokaza macho kwenye dari.

"Tena," alisema.

Shangazi alisimama na mkono kwenye buti. "Tena nini, mama? Ingiza begi."

"Subiri, shangazi." Hakuyashusha macho. "Tena."

Mkasi alivuta pumzi iliyomkata kifua. "Rudi, mwanangu," alisema, na sauti ikamkimbia, akaifuata hivyohivyo ilivyo. "Rudi twende nyumbani."

"Tena."

Akasema. Hakuhesabu mara ngapi. Wanawake wenye mifuko walikuwa wameiweka chini. Mara moja katikati ya kusema, aliona begi limeshushwa. Halikuwa limeingia kwenye gari wala halikuwa limevuka barabara. Lilikuwa kwenye lami, kando ya mguu wa Chiriku, na mkono wa Chiriku haukuwa umelishika tena.

"Rudi, mwanangu," alisema Mkasi, na midomo ya mtoto, ng'ambo ya barabara, ilianza kusogea.